Ndoo Niliyoiondoa Mlangoni

Rhoda, wewe na wenzako wa kikundi niliowaachia kazi yangu mmeniomba niwaandikie vipimo. Ulisema, "Babu, tuandikie kabla hujasahau." Sijasahau. Vipimo vya dawa yetu ya mafua na kikohozi vinaingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari na nafasi inabaki. Nitavitoa mwishoni. Lakini wiki iliyopita nilipopita hapo Mwisenge kuwasalimia, nilikuta ile ndoo ya bati iliyokuwa inakaa mlangoni imetobolewa kitako na kupandwa mchaichai. Mchaichai wenyewe umestawi kweli. Nilikunywa chai yenu, nikausifu, nikaaga. Niliyotakiwa kuyasema pale nayasema hapa, kwa sababu mdomo wangu una tabia ya kuchelewa, na kuchelewa kwake kumeshaua mtu.

Kazi hii nimeifanya karibu miaka arobaini. Niliingia kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Nilimaliza kidato cha nne na cheti ambacho ofisi zote za Musoma zilikisoma kwa makini na kunirudishia. Nikawa nabeba mizigo kwa wenye maduka. Msimu mmoja wa mvua nikapata mafua yaliyoshuka kifuani, nikawa nakohoa mpaka watu wa nyumba ya jirani wanagonga ukuta. Mama mwenye nyumba akaniambia niende Nyegina kwa Mama Nyangeta. Alinipa maelekezo ya njia, kisha akaongeza, "Usimbishie."

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango, anachambua majani ya kivumbasi. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya shamba. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa.

"Unataka nini?"

"Dawa ya kikohozi, Mama."

"Ndoo ile pale. Kisima kiko chini ya yale mawe makubwa."

"Mama, mimi naumwa."

"Kwani nani kasema naumwa mimi? Nenda."

Nilishuka. Kutoka mlangoni kwake mpaka kisimani ni hatua kama mia mbili, kushuka kwa mteremko na kurudi kwa mlima. Niliporudi na ndoo aliipokea, akamimina maji kwenye sufuria, kisha akaigeuza ndoo. Akapangusa kitako chake kwa kiganja, akakitazama kiganja, akanitazama na mimi.

"Wewe una mafua tu," akasema. "Na uvivu."

Alichemsha dawa mbele yangu kwa maji yale yale niliyoyaleta. Tangawizi iliyopondwa, vitunguu saumu, majani machanga ya mpera, mchaichai, kivumbasi. Ilipopoa kidogo akakamua ndimu, akatia asali. Ilikuwa chungu na kali, ikaunguza njia nzima mpaka tumboni. Siku ya nne nikalala bila kukohoa. Wiki iliyofuata nikarudi kumshukuru, akanionyesha kinu.

"Shukrani twanga," akasema. Nikatwanga. Nikatwanga kwa miaka kumi na minane.

Sitasema habari ya kipato. Mnaijua kazi, mnajua inavyolipa. Niseme vifaa. Kinu kilikuwa cha mti mgumu, na tulikitumia kwa tangawizi na vitunguu peke yake. Siku nilipotwangia mihogo yangu ndani yake alikisugua kwa majivu mara tatu huku akinitukana kwa Kijita, lugha ambayo wakati ule nilikuwa najifanya siijui vizuri. Sufuria zilikuwa mbili, moja ya kunywa na moja ya kujifukiza, na hazikuchanganywa hata siku moja. Kitambaa cha kuchujia kilikuwa kipande cha kaniki kilichochemshwa kila Jumamosi. Asali tuliifuata Bunda, siku ya mnada. Safari yangu ya kwanza peke yangu nilirudi na debe zima la asali iliyochanganywa na sukari guru. Mama Nyangeta alichovya kidole, akalamba, akauliza, "Umenunua au umepewa pole?"

Alikuwa na masharti. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka hapewi dawa yenye asali, hata mama yake alie. Mwenye kujifukiza haweki sufuria mapajani. Inakaa chini, imara, na mtu wa pili awepo. Hilo nililielewa siku mzee mmoja wa kijiji cha jirani alipojifunika mablanketi matatu na sufuria ya majani ya mkaratusi, baada ya kunywa gongo. Akasinzia humo ndani. Alipona mafua. Miguu ilichukua muda zaidi.

Na sharti la kwanza lilikuwa ndoo. Kila mgonjwa alileta maji ya dawa yake mwenyewe. Mtoto alipewa kopo, aende kisimani na mama yake, lakini kopo alishike yeye. Mtu hakuruhusiwa kutuma ndugu. Watu walikuja kutoka mbali wakiwa na kopo la asali mkononi na salamu za mgonjwa aliyebaki nyumbani, na Mama Nyangeta aliwarudisha.

"Mwambie aje."

"Hawezi kutembea, Mama."

"Basi si wangu. Mpelekeni zahanati ya misheni."

Siku moja alikuja mvuvi, mtu wa miraba minne, kifua kama mlango. Alikuwa anakohoa kikohozi kidogo tu, kama mtu anayeomba nafasi ya kusema. Akaenda kisimani, akarudi akitabasamu. Mama akamimina maji kwenye sufuria, akageuza ndoo, akapangusa kitako, akatazama kiganja. Kisha akamwaga maji yote chini.

"Huyu si wangu. Nenda zahanati leo."

Yule mtu alipandisha hasira. "Mama, nimetoka ziwani alfajiri, umenibebesha maji kama punda, halafu unaninyima dawa?"

"Ndiyo."

"Wewe ni mchawi, eti?"

"Nitukane unavyotaka, lakini nitukane ukitembea. Zahanati wanafunga saa tisa."

Nilimsindikiza mpaka njiani na kumwomba radhi. Nakumbuka maneno yangu sawasawa. Nilimwambia, "Vumilia, kaka. Ni mambo ya wazee." Baada ya miezi kama miwili alirudi amekonda, ameshika sato wawili wakubwa kwa kamba ya mgomba. Walimkuta na maji kwenye mapafu. Mama Nyangeta alipokea samaki, akauliza bei ya nyavu siku hizi, basi.

Kuanzia hapo watu wakazidi kusema kwamba Mama anasoma maji. Na mimi, msomi wa kidato cha nne, nikaona aibu. Katekista mmoja alinisimamisha baada ya misa mbele ya watu.

"Magesa, wewe umesoma. Haya mambo ya kuangalia kitako cha ndoo unayashiriki?"

"Mimi natwanga tu," nikajibu. Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Nilimwuliza Mama mara moja tu. Ilikuwa asubuhi, nimekaa kwenye kinu kama kawaida, uso ukutani kwa sababu ya upepo wa ziwani unaorusha vumbi.

"Mama, huwaga unaangalia nini kwenye hiyo ndoo?"

"Weka mchi chini, ugeuke, utazame," akasema.

Kulikuwa na mwanamke anapanda kutoka kisimani wakati huo huo. Nilichotakiwa kufanya ni kugeuza shingo. Lakini niliona ananiita kwenye ushirikina wake, nikasema, "Tangawizi itakauka, Mama," nikaendelea kutwanga. Hakunirudia tena. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

Alipofariki, wanawe walichukua shamba na mimi nikachukua kinu, sufuria na ndoo. Yeye mwenyewe alikuwa ameagiza ndoo iwe yangu. Nikahamia Mwisenge, Musoma mjini, nikapanga chumba chenye bomba uani. Wiki ya kwanza niliiweka ndoo mlangoni kwa heshima yake. Wateja wa mjini wakanishangaa. Mama mmoja mwenye mkoba mzuri aliniuliza kama nimeishiwa maji. Mwingine alinong'ona na mwenzake, "Huyu naye ana masharti yake." Wiki ya pili nikaiondoa, nikaisukuma nyuma ya mlango nikawa naweka makaa ndani. Nikachemsha kwa maji ya bomba, sufuria nzima asubuhi, nikajaza chupa za soda zilizooshwa. Mteja anafika, anakohoa, anapokea, anaondoka. Kazi ya siku mbili ikawa ya asubuhi moja. Nilijiona nimeiingiza dawa ya Mama Nyangeta kwenye dunia ya sasa.

Nilikwenda Bunda kila siku ya mnada na meza yangu. Msimu wa kuvuna pamba vumbi lilikuwa linaleta watu wenyewe. Nilikuwa na maneno mazuri. Muulizeni mtu yeyote wa Bunda wa miaka ile, atawaambia habari ya Magesa wa kikohozi. Mtu akiniambia anaumwa kifua nilimwambia chupa moja; akiniambia kifua sana, mbili. Huo ndio uliokuwa uchunguzi wangu.

Halafu ukaja ule msimu wa corona. Mnakumbuka. Kila nyumba ilikuwa na sufuria ya kujifukiza, na tangawizi ilipotea sokoni. Simu yangu haikunyamaza. Watu hawakutaka kusafiri wala kukutana, kwa hiyo wakataka dawa iwafuate. Nikaanza kupeleka chupa kwa makondakta wa gari za Bunda na Butiama, nimezifunga kwenye gazeti na jina la mtu juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu watu waliniita mtaalamu bila kutania.

Mmoja wa waliopiga simu alikuwa mke wa Wambura.

Wambura nilisoma naye sekondari, tulilala kitanda cha juu na chini. Yeye cheti chake hakikurudishwa. Akawa mwalimu wa shule ya msingi Butiama, akaoa, akazaa mtoto mmoja wa kike, Neema. Tulikuwa tunaonana mara moja moja kwenye misiba. Mkewe, Mama Neema, alikuwa ananiita shemeji tangu siku ya harusi.

"Shemeji, mwenzio kifua kinamsumbua. Hospitali anaogopa, anasema ataambiwa ana huo ugonjwa watu wamkimbie. Hebu mtumie ile ya kwako."

Nikamtumia chupa mbili. Baada ya siku tano zikarudi tupu kwa konda yule yule, zimeoshwa vizuri mpaka zinang'aa, na ndani ya gazeti kuna kipande cha karatasi ya daftari kwa mwandiko wa ubaoni: "Mwenzangu Magesa, kifua kimelainika. Mungu akuzidishie." Nikakibandika ukutani juu ya meza, wateja wakione.

Ikawa desturi. Kila wiki chupa mbili zinakwenda, mbili zinarudi. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama Neema alipiga kila Jumapili baada ya misa.

"Anaendelea vizuri?" nilikuwa namuuliza.

"Anaendelea, shemeji. Ila usiku anatokwa jasho, shuka linalowa."

Hapa naomba msome polepole. Nilijibu, "Hiyo ni dawa, shemeji. Inatoa uchafu."

Sikujua kama ni kweli. Hakuna aliyewahi kunifundisha maneno hayo. Mama Nyangeta hakuwahi kuyasema. Nilijibu kwa sababu niliulizwa, na mtaalamu akiulizwa anajibu. Mwezi wa nne akaniambia Wambura amepungua, suruali zinamvuka. Nikasema ni kwa kuwa hali vizuri, nikaongeza asali. Mwezi wa tano nikaongeza tangawizi. Nilikuwa naiongezea dawa nguvu kwa mtu nisiyemwona, na yeye anazidi kuandika, "Kifua kimelainika." Kililainika kweli. Asali na ndimu hulainisha koo la mtu yeyote, hata la yule anayeliwa kwa ndani. Dawa ilifanya kazi yake vizuri. Ilimtuliza kiasi kwamba hakwenda hospitali.

Mwezi wa nane Wambura aliamua kuja mwenyewe Musoma. Nadhani alitaka tu tuonane. Bodaboda ilimshusha pale barabarani kwa sababu njia ya kuingia kwangu ilikuwa imechimbwa mtaro. Kutoka barabarani mpaka mlangoni pangu ni kama hatua sitini. Nilikuwa nimesimama mlangoni namngoja, nikamwona anashuka, ameshika mfuko wenye chupa mbili tupu.

Alitembea kidogo akasimama. Akauweka mfuko chini, akashika uzio, akatazama juu kama mtu anayesoma bango. Akaubeba tena. Akasimama mara ya pili, akauweka chini. Mara ya tatu aliuweka karibu kabisa na mlango wangu, hatua tano tu, hakuweza kuzimaliza. Mfuko ulikuwa wa karatasi ngumu ya kaki. Alipounyanyua, niliona kitako chake kimeshika udongo mwekundu wa mtaro, alama juu ya alama.

Nilimwelewa Mama Nyangeta hapo hapo. Miaka kumi na minane nimetwanga mgongo ukiwa kwake, na nikamwelewa kwa mfuko wa kaki. Hakuwa anasoma maji. Mtu mwenye mapafu mazima huipandisha ndoo moja kwa moja. Mwenye pumzi fupi huitua njiani, akapumzika, akaibeba, akaitua tena, na kila anapoitua kitako kinachukua udongo. Anaweza kufika akitabasamu kama yule mvuvi, pumzi ameshairudisha nyuma ya mawe ambako hakuna anayemwona. Ndoo haitabasamu. Mama alikuwa mlangoni anahesabu mtu ametua mara ngapi. Hiyo ndiyo ilikuwa mizani yake, na mimi nikaiwekea makaa.

"Mbona unanitazama hivyo?" Wambura akaniuliza. "Nimezeeka sana?"

"Ingia ndani."

"Nimekuletea chupa zako. Neema kaziosha mwenyewe. Siku hizi na yeye anakohoaga kidogo, nataka unipe na ya kwake."

Sikumpa chupa. Nilimrudisha barabarani kwa kumshika mkono, tukaenda hospitali. Kule walichukua makohozi, wakachukua picha. Kifua kikuu, pande zote mbili. Daktari alimwuliza ameumwa muda gani, akasema miezi minane. Akamwuliza alikuwa anatumia nini. Wambura akanitazama, akamjibu, "Dawa za nyumbani tu." Alinificha. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, pembeni yake.

Dawa alianza siku hiyo hiyo, lakini kulikuwa kumebaki mtu mdogo sana wa kutibu. Alifariki kabla ya wiki ya sita. Neema walimpima, akakutwa nacho, akameza vidonge kwa miezi sita, akapona. Mama Neema hakuwa nacho.

Kwenye mazishi Butiama nilikaa nyuma kabisa, karibu na wapishi. Aliyesoma wasifu wa marehemu alifika mahali akasema familia inamshukuru rafiki wa marehemu, Bwana Magesa wa Musoma, aliyemhudumia kwa dawa bila kuchoka tangu alipoanza kuugua. Watu wakageuza vichwa kunitafuta. Wengine waliinamisha kichwa kwa heshima. Ilitakiwa nisimame niseme. Niliinamisha kichwa na mimi, kama mtu mnyenyekevu.

Niliporudi Mwisenge nikamwaga makaa, nikasugua ndoo, nikairudisha mlangoni. Bomba la karibu lilikuwa uani, hatua tano, kwa hiyo nikawa nawaelekeza watu kwenye bomba la mtaa, kule chini karibu na shule. Waliopiga simu niwatumie chupa kwa konda nikawakatalia. Katika miaka hiyo ya mwisho nusu ya wateja walinikimbia. Wengine walisema nimerukwa na akili, wengine wakasema sasa mzee amepata mizimu. Lakini watano niliwarudisha njiani waende hospitali, na wanne kati yao walirudi kunionyesha vyeti. Wa tano sijui. Hapo ndipo wewe Rhoda uliponikuta, ukaniuliza swali lile lile nililomwuliza Mama Nyangeta, na mimi, badala ya kukuambia habari ya Wambura, nikakujibu, "Ni desturi ya mwalimu wangu." Desturi! Sasa nashangaa nini mkiipandia mchaichai? Nani anaona vibaya kuacha desturi ya bibi wa Nyegina asiyemjua? Kosa hilo ni langu kabla halijawa lenu.

Mwezi uliopita, baada ya kuwakabidhi chumba, nilikwenda Butiama kwa Mama Neema. Nilitaka aujue ukweli kutoka kwangu. Alinikaribisha, akaniwekea kiti kivulini nje ya jikoni, akaleta chai na viazi. Nikamweleza yote: ndoo, kinu, yale maneno ya jasho. Alisikiliza huku akipukuchua mahindi, hakusimamisha mikono.

"Shemeji," akasema nilipomaliza, "unafikiri hilo nilikuwa silijui?"

Nikaweka kikombe chini.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakupigia simu. Wewe kila Jumapili unaniuliza, 'Anaendelea vizuri?' Na mimi nasema anaendelea, ningesemaje na ndivyo ulivyoniuliza? Hukuwahi kuniuliza kama anafika shuleni bila kukaa njiani. Alikuwa anakaa kwenye jiwe la kwa Mzee Nyerembe, halafu la pili pale kanisani. Watoto wa shule walikuwa wanamsubiri pale na kumshikia vitabu. Kijiji kizima kilikuwa kinaona. Ungeniuliza ningekwambia."

"Nisamehe, Mama Neema."

"Kunywa chai, itapoa."

Nilikunywa. Alinisindikiza mpaka barabarani kama inavyotakiwa, akasimama mpaka gari likafika. Hakusema amenisamehe na sikumuuliza tena. Neema sikumwona, yuko chuoni, anasomea uuguzi. Mama yake aliniambia hilo gari likiwa linasimama, bila kunitazama.

Sasa, Rhoda. Siku ile nilipokunywa chai yenu, simu yako iliita mara nne. Nilikusikia. Mara mbili ulisema, "Sawa, nitampa konda wa Bunda." Mara moja ulisema, "Kifua sana? Basi chukua mbili." Na kwenye chupa zenu mmebandika lebo nzuri ya rangi yenye jina langu, na sura yangu mliyoipiga siku ya kuagana. Sijakasirika. Niliisikia sauti yangu mwenyewe, ikiwa changa na ya kike, na inajua kuuza kuliko ya kwangu.

Nimenunua ndoo mpya ya bati. Za plastiki zimejaa madukani lakini kitako chake kinateleza, hakishiki udongo. Nitaileta Jumatatu na kuiweka mlangoni mimi mwenyewe. Ile ya zamani iacheni na mchaichai wake. Mkiikataa hii mpya hatutagombana, ila mchukue wembe mnikwangue kwenye lebo, jina na sura, chupa moja moja. Sitaki kusindikizwa tena na shukrani za watu nisiowaona.

Na hivi ndivyo vipimo mlivyoomba, kwa sufuria moja ya wastani.

Maji, ndoo moja. Yaletwe na anayeumwa, kutoka mbali kidogo na kwa kupanda. Wewe simama mlangoni, uso njiani, mikono mitupu. Akifika pokea ndoo, mimina maji kwenye sufuria, igeuze ndoo, pangusa kitako, tazama kiganja. Kikiwa na udongo mwingi, mwaga maji na umsindikize hospitali, hata akikuita mchawi.

Kikiwa kisafi, weka sufuria jikoni. Tangawizi na hayo mengine mnayajua.